Nani Analipa Gharama ya Vazi? Changamoto za Kuifanya Tasnia ya Mavazi Kuwa Endelevu

UTANGULIZI

Katika usharika wa kwanza niliopangiwa baada ya kubarikiwa kuwa mchungaji, tulipokea kutoka kwa marafiki wa ng'ambo shehena ya nguo zilizokwisha kuvaliwa. Baraza la wazee liliamua ziuzwe kwa bei ndogo siku ya Jumamosi, na fedha zitakazopatikana zisaidie kuezeka kanisa. Nguo zilikwisha kabla ya saa sita mchana. Mwezi mmoja baadaye mzee mmoja wa kanisa, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi cherehani, alikuja ofisini. Baada ya kusalimiana alisema: “Baba Mchungaji, namshukuru Mungu kwa bati tulizopata. Lakini tangu siku ile hajaja kwangu mtu wa kupimwa nguo. Sasa ahadi yangu ya mwaka huu nitaitimiza kwa nini?”

Swali lake halikuwa na jibu jepesi. Walionunua nguo zile walikuwa watu wa kipato kidogo, na walisitirika. Waliozituma walifanya hivyo kwa moyo mwema. Kanisa lilipata bati. Hata hivyo mtu mmoja ambaye hakuulizwa ndiye aliyelipa gharama ya wema huo wote. Kadiri nilivyoendelea kusoma juu ya biashara ya mavazi, ndivyo nilivyotambua kuwa kisa cha usharika wetu ni mfano mdogo wa jambo lililoenea ulimwenguni.

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini imekuwa vigumu kuifanya tasnia ya mavazi iwe endelevu. Hoja yake ni moja. Ugumu mkuu hautokani na kukosa ujuzi, kwa maana mengi yanayopasa kufanywa yanajulikana. Unatokana na mazoea ya kuihamisha gharama: bei ya vazi hushushwa kwa mnunuzi kwa kumtwisha mzigo mtu mwingine ambaye hakuwapo bei ilipopangwa. Tutalifuata vazi kutoka shambani hadi kiwandani, na kutoka kwa mvaaji wa kwanza hadi sokoni kwetu, ndipo tutazame wajibu wa mtumishi wa Kanisa.

1. MAANA YA UENDELEVU NA UKUBWA WA SUALA

Neno “endelevu” lilienea baada ya taarifa ya Tume ya Brundtland ya mwaka 1987. Tume hiyo ilifundisha kuwa maendeleo ni endelevu pale yanapokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyang'anya watu wa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. Kwa maana hiyo tasnia ya mavazi ingekuwa endelevu kama ingewavika watu bila kumaliza maji, kuharibu udongo, kuvunja afya ya wafanyakazi, wala kuwaachia wajukuu milima ya takataka.

Hali ilivyo ni tofauti. Mwaka 2000 dunia ilizalisha takriban tani milioni 58 za nyuzi za kutengenezea nguo na vitambaa. Mwaka 2023 kiasi hicho kilikuwa kimefikia tani milioni 124 hivi, yaani zaidi ya maradufu katika muda usiotimia robo karne. Idadi ya watu duniani haikuongezeka kwa kiasi hicho. Kilichoongezeka ni nguo kwa kila mtu, hasa katika nchi tajiri, na kilichopungua ni muda wa kuivaa kila nguo kabla ya kutupwa. Utaratibu wa maduka kuleta mitindo mipya karibu kila juma kwa bei ndogo ndio unaoitwa “mitindo ya haraka”.

Hapa ni vema kutoa tahadhari kwa wahubiri. Husemwa mara nyingi kwamba mavazi ni tasnia ya pili duniani kwa uchafuzi wa mazingira. Madai hayo hurudiwa mno, lakini yamekosa msingi wa utafiti. Hoja yetu ina nguvu ya kutosha bila kutumia takwimu isiyothibitika, na mimbara isiwe mahali pa kuisambazia.

2. SHAMBANI

Mfano unaotajwa zaidi juu ya madhara ya pamba ni Bahari ya Aral, katika Asia ya Kati. Mwaka 1960 lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Serikali ya Kisovieti ilikuwa imeamua kupanua kilimo cha pamba jangwani, ikageuza maji ya mito miwili iliyolilisha ziwa hilo, Amu Darya na Syr Darya, yaende mashambani. Kufikia mwaka 2007 ziwa lilikuwa limebaki takriban sehemu moja ya kumi ya eneo lake la awali. Huko Moynaq, uliokuwa mji wa wavuvi nchini Uzbekistan, meli zilibaki zimelala juu ya mchanga, na upepo ukapeperusha vumbi lenye chumvi na mabaki ya viuatilifu hadi katika nyumba za watu. Pamba ilipata soko, na mvuvi wa Moynaq akalipa.

Isidhaniwe kwamba kila pamba ina historia hiyo. Pamba ya Usukumani, katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita, hutegemea mvua karibu yote. Tatizo la mkulima wa huko halihusu sana maji ya kumwagilia. Linahusu udongo unaochoka, viuatilifu anavyonyunyiza mara nyingi bila vifaa vya kumkinga, na bei inayopangwa katika masoko ya mbali asiyoyajua. Sehemu kubwa ya pamba yake huuzwa nje ikiwa pamba nyuzi, kabla haijasokotwa, na kwa hiyo thamani inayopatikana kwa kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona huenda kwa wengine.

Njia iliyo bora inajulikana. Katika wilaya ya Meatu mradi wa pamba hai uitwao bioRe ulianza mwaka 1994, na umeonyesha kuwa wakulima wadogo waweza kulima bila kemikali za viwandani kwa kubadilisha mazao, kutumia samadi na kuwadhibiti wadudu kwa njia za asili. Lakini njia hiyo ina gharama. Shamba hupitia kipindi cha mpito, ambacho kwa kanuni za masoko mengi ni miaka miwili au mitatu, kabla zao lake halijatambuliwa kuwa hai. Katika kipindi hicho mkulima hubeba hatari ya mavuno kupungua bila kupata bei ya juu. Ukaguzi na ithibati hulipiwa. Upepo ukileta dawa kutoka shamba la jirani, juhudi ya msimu mzima yaweza kupotea. Mnunuzi wa Ulaya anayetaka pamba hai kwa bei ileile ya pamba ya kawaida anamtaka mkulima wa Meatu amlipie dhamiri yake.

Tena, pamba siyo tena malighafi kuu. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani leo ni poliesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli. Poliesta ni rahisi, hudumu na hukauka upesi. Lakini inapofuliwa humwaga chembe ndogo za plastiki ziingiazo mitoni na baharini, na inapotupwa haiozi kama pamba inavyooza. Ukosoaji wa pamba peke yake, basi, waweza kumsukuma mnunuzi kwenye kitambaa kinachoyahamishia madhara mahali pengine.

3. KIWANDANI

Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na mji wa Dhaka, Bangladesh, jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza liliporomoka. Watu 1,134 walikufa, na wengine takriban 2,500 walijeruhiwa. Siku moja kabla yake nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliamriwa kurudi kazini asubuhi. Oda za kampuni za nje zilikuwa na tarehe ya kukamilishwa, na kuchelewa kungeleta hasara.

Inafaa kuzingatia kwamba baadhi ya viwanda vilivyokuwa katika jengo hilo vilikwisha kukaguliwa kabla ya maafa. Ukaguzi huo ulikuwa wa hiari, ulilipiwa na wenye maslahi, na haukugusa uimara wa jengo. Baada ya maafa vyama vya wafanyakazi na kampuni nyingi za mavazi vilitia sahihi mkataba wa usalama wa moto na majengo uliokuwa na nguvu ya kisheria. Chini ya mkataba huo wahandisi huru waliingia katika viwanda zaidi ya 1,000, na kasoro nyingi zilirekebishwa. Fundisho lake ni wazi: ahadi ya hiari haikuyaokoa maisha ya watu wale, na mkataba unaoweza kudaiwa mahakamani ulibadilisha hali.

Hata hivyo mkataba huo ulihusu usalama, wala haukugusa bei ambayo kampuni humlipa mwenye kiwanda. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, kampuni za nje zilifuta au kuahirisha oda za Bangladesh zenye thamani ya dola bilioni 3 hivi, zikiwamo oda za nguo zilizokwisha kushonwa. Mwaka 2023 wafanyakazi waliingia barabarani wakidai kima cha chini cha taka 23,000 kwa mwezi. Walipewa 12,500. Mwenye kiwanda akipandisha mshahara peke yake, oda huenda kwa jirani yake. Nchi ikipandisha peke yake, oda huenda nchi nyingine. Kila mmoja katika mnyororo huo aweza kusema kwa haki kiasi fulani kwamba mikono yake imefungwa, na hii ndiyo sababu wito unaoelekezwa kwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja hautoshi.

4. NGUO ILIYOACHWA

Wengi huweka tumaini lao katika kuzirejesha nguo kuu kuu kiwandani ili zifanywe nyuzi mpya. Kwa sasa malighafi ya nguo inayorejea na kuwa nguo mpya haifikii asilimia 1. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Shati moja laweza kuwa na pamba, poliesta na nyuzi za kunyumbuka zilizosokotwa pamoja, na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Nyuzi za pamba zikikatwakatwa kwa mashine huwa fupi na dhaifu.

Sababu ya pili ni ya kiuchumi, nayo ni nzito zaidi. Nchini Sweden kampuni ya Renewcell ilifaulu kuyeyusha nguo za pamba na kupata malighafi ya kutengenezea nyuzi mpya. Mwaka 2022 ilifungua kiwanda katika mji wa Sundsvall. Ufundi wake ulifanya kazi, lakini wanunuzi walikuwa wachache, kwa maana malighafi mpya ilikuwa rahisi zaidi. Mnamo Februari 2024 kampuni hiyo ilitangaza kufilisika, ingawa baadaye wamiliki wengine waliinunua. Kampuni za mavazi zilikuwa zimesifu kazi hiyo hadharani, lakini sifa hizo hazikuwa oda.

Sheria nazo zinaanza kubadilika. Tangu tarehe 1 Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo zilizoachwa mbali na takataka nyingine. Sheria ya mwaka 2024 ya Umoja huo imezikataza kampuni kubwa kuharibu nguo ambazo hazikuuzwa, marufuku hiyo ikipangiwa kuanza Julai 2026. Ni hatua njema. Lakini msomaji wa Afrika ana haki ya kuuliza: nguo hizo zikikwisha kukusanywa, zitapelekwa wapi?

5. MITUMBA NA JARIBIO LA AFRIKA MASHARIKI

Nyingi zinakuja kwetu. Nchini Tanzania biashara ya mitumba ilikua upesi baada ya kulegezwa kwa masharti ya uagizaji katikati ya miaka ya 1980. Watu waliziita “kafa Ulaya”, kwa kudhani kwamba mtu aliye hai hawezi kuacha nguo nzuri namna ile. Nchini Ghana nako hujulikana kwa jina lenye maana ya nguo za mzungu aliyekufa. Majina hayo yana hekima ndani yake: yanakiri mshangao wa mtu asiyeweza kuelewa kwa nini kitu kizima kitupwe.

Lazima tuwe waadilifu katika kuzipima faida na hasara. Nguo ikivaliwa mara ya pili hupunguza haja ya kutengeneza nyingine, na kwa maana hiyo mitumba ni sehemu ya uendelevu. Familia nyingi husitirika kwa njia hiyo. Katika masoko kama Karume jijini Dar es Salaam au Memorial mjini Moshi, wachuuzi, wapiga pasi, wabebaji na mafundi wa kurekebisha nguo hupata riziki yao. Kwa upande mwingine, mchuuzi hulinunua belo likiwa limefungwa, bila kujua kilichomo. Akikuta nguo zenye madoa au zilizochanika, hasara ni yake, na takataka ni ya mji wake. Kwa namna hiyo gharama ya kuteketeza nguo za Ulaya na Marekani hulipwa kwa mtaji wa mama mmoja aliyekopa.

Tarehe 2 Machi 2016, katika mkutano wao mjini Arusha, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuendeleza viwanda vya nguo na viatu vya ndani, kwa nia ya kuondoa mitumba katika muda wa miaka mitatu. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuu kuu wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, kikidai kwamba hatua hiyo ilivunja masharti ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema, na Tanzania na Uganda zikarudi nyuma baadaye. Rwanda, ambayo ilikuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo wake. Mwishoni mwa Julai 2018 Marekani ilisimamisha nafuu ya ushuru kwa mavazi yatokayo Rwanda.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba mitumba peke yake iliua viwanda vyetu. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vya Mwanza na Musoma, vilisumbuliwa pia na mashine zilizochakaa, umeme usio wa uhakika, madeni, uongozi dhaifu na nguo mpya za bei ndogo kutoka Asia. Mitumba ikizuiwa leo bila kuyarekebisha hayo, nafasi yake itachukuliwa na nguo mpya za poliesta zisizodumu, na fundi cherehani wa usharika wangu hatakuwa amesaidiwa.

6. WAJIBU WA MTUMISHI

Yawezekana msomaji akauliza kama suala hili ni la mimbara au la wachumi. Maandiko hayatenganishi mambo hayo. Torati iliagiza kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa halikuwa na badala yake (Kut 22:26-27). Mtume Yakobo aliyataja mahali pamoja mavazi ya matajiri yaliyoliwa na nondo na ujira wa vibarua uliozuiliwa (Yak 5:2-4): kabati iliyojaa kupita kiasi na mfanyakazi aliyepunjwa ni habari moja. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo, aliyahesabu mavazi na viatu kuwa sehemu ya mkate wa kila siku tunaoomba katika Sala ya Bwana. Tena aliifundisha amri ya saba kwa maana inayopita kutokuiba tu: yatupasa kumsaidia jirani katika kuilinda na kuikuza riziki yake.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa sharika zetu.

Kwanza, tujichunguze wenyewe. Sare za kwaya hubadilishwa kwa kila sikukuu kubwa. Vitenge vya jubilei huchapishwa mwaka na nembo, huvaliwa siku moja, kisha hukunjwa kabatini. Vingi ni poliesta iliyoagizwa kutoka nje. Mama mjane asiyeweza kununua sare ya nne hukaa nyuma, au huacha kuimba. Hatuwezi kuwakemea wa ng'ambo kwa mitindo ya haraka ikiwa tuna ya kwetu iliyobarikiwa kwa sala.

Pili, tuzungumze kwa uwazi na sharika rafiki. Nchini Ujerumani mashirika ya kukusanya nguo, mengi yakiwa na uhusiano na makanisa, yaliunda mwaka 1994 umoja uitwao FairWertung ili kuweka wazi kinachozipata nguo zinazotolewa. Hii yaonyesha kwamba Wakristo wa huko wako tayari kuulizwa. Kabla ya kupokea shehena tuwaulize: nani amezichambua, na nani atadhurika? Kukataa kwa heshima zawadi isiyofaa ni sehemu ya urafiki.

Tatu, tuunge mkono sheria. Tumeona huko Bangladesh kwamba mkataba wenye nguvu ya kisheria ulitenda yale ambayo hiari haikuyatenda. Kanisa lina sauti mbele ya serikali katika mambo ya elimu na afya. Lina haki ya kuitumia pia juu ya bei ya pamba na ubora wa nguo zinazoingizwa nchini.

HITIMISHO

Tumelifuata vazi kutoka shambani hadi sokoni, na kila mahali tumemkuta mtu aliyelipa gharama isiyoandikwa katika bei: mvuvi wa Moynaq, mkulima wa Meatu, mshonaji wa Savar, mchuuzi wa Karume. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Katika biashara hii rahisi ya mmoja ni ghali ya mwingine, na mara nyingi hawatakutana kamwe. Tasnia ya mavazi haitakuwa endelevu mpaka gharama hiyo irudi kwa wale wanaofaidika nayo.

Nimalizie kwa mzee yule. Baraza la wazee lilikubali kwamba majoho ya kwaya na sare za watoto wa shule ya Jumapili zishonwe kwake, nazo zidumu miaka mitano. Kazi hiyo haikutosha kuziba pengo, naye aliniambia hivyo bila kunificha. Ahadi yake ya mwaka ule aliitimiza mwezi Desemba, kwa mafungu. Nilipoipokea bahasha ya mwisho sikuweza kujizuia kufikiri kwamba sehemu ya bati zilizokuwa juu ya vichwa vyetu yeye alikuwa amezilipia mara mbili.